Cheche ya Nje Hudanganya: Jitengenezee Kipimo cha Moto wa Plagi

Kama umewahi kuita fundi kwenye pampu au jenereta iliyogoma, mchezo huu unaujua. Anafungua plagi, anaifuta kwa pindo la ovaroli, anaivalisha kofia yake, anailaza juu ya hedi ya silinda, kisha anakwambia, "Vuta kamba, bosi." Unavuta. Nchani pa plagi panaruka kicheche cha buluu. Fundi anainuka huku akijipangusa magoti: "Moto upo. Hapa tatizo ni kabureta."

Pampu yangu ya kumwagilia vitunguu, kule Ruaha Mbuyuni, ilifunguliwa kabureta mara tatu ndani ya msimu mmoja. Asubuhi ilikuwa inawaka vizuri, inavuta maji kama nusu saa, halafu inakohoa na kuzima. Ukiiacha ipoe wakati unakunywa chai, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Kila mara plagi ilitolewa, ikalazwa juu ya hedi, ikatoa moto, na lawama zikahamia kwenye mafuta: mara petroli ina maji, mara jeti imeziba, mara floti imekwama. Vitunguu navyo vikaanza kukauka ncha. Mwishowe mgonjwa alikuwa koili, na aliyemfichua ni kidude cha plastiki chenye bolti mbili, kilichotengenezwa kwa vitu vilivyokuwa ndani ya kopo la spea chakavu. Nitakuonyesha namna ya kukitengeneza, na namna ya kusoma kinachokwambia, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Hewa ya uwanjani na hewa ya ndani ya silinda

Ili cheche iruke, umeme hauna budi kuivunja hewa iliyo kati ya ncha mbili. Hewa hii tunayovuta huvunjika kwa takriban volti 3,000 kwa kila milimita moja ya mwanya. Plagi nyingi za injini ndogo zina mwanya wa milimita 0.7 au 0.8. Kwa hiyo juu ya hedi, hata koili mahututi inayojikongoja kufikisha volti elfu tatu au nne itakupa cheche, na cheche hiyo itapendeza machoni.

Sasa irudishe plagi mahali pake. Pistoni inapanda, na mchanganyiko wa hewa na petroli unasukumwa mpaka unabaki na sehemu moja ya nane au ya tisa ya nafasi uliyokuwa nayo. Mwanya wa plagi haujabadilika, ila hewa iliyomo imesongamana, na volti zinazohitajika kuivunja hupanda mara kadhaa. Ile koili iliyong'ara nje inafika hapa na kunywea. Mjerumani Friedrich Paschen alilieleza jambo hili mwaka 1889: volti za kuvunja hewa hufuata shinikizo la hewa likizidishwa kwa urefu wa mwanya.

Hesabu hiyo ya Paschen ndiyo inayotuokoa. Huna namna ya kubana hewa ukiwa umechuchumaa shambani, lakini mwanya unaweza kuurefusha. Milimita 0.7 kwenye hewa iliyosongamana mara nane ni sawa na kama milimita 5.6 kwenye hewa ya wazi. Wenye viwanda wanalijua hilo siku nyingi. Kipimo cha moto ambacho Briggs & Stratton huwauzia mafundi wake kina mwanya wa milimita 4.2, karibu mara sita ya mwanya wa plagi. Moto ukishindwa kuuruka mwanya huo, hawana haja ya kuuliza habari za kabureta.

Cha haraka: plagi iliyokatwa mkono

Ikiwa una dakika tano tu, chukua plagi chakavu, isiyo na ufa kwenye kauri, ya aina ambayo kofia ya mashine yako inaikubali. Kile chuma kidogo kilichopinda juu ya ncha kikate kwa msumeno wa chuma, kisha ulainishe kovu kwa tupa. Kwenye mwili wake wa chuma funga klipu ya betri, zile zenye meno kama mamba. Basi. Cheche sasa italazimika kuruka kutoka jiti la kati hadi kwenye ukuta wa plagi, safari ya milimita kadhaa badala ya ile ya chini ya moja.

Kipimo hiki hujibu ndiyo au hapana, hakijui "kidogo". Kasoro yake nyingine ni kwamba kauri ikiwa na masizi, moto hutambaa juu ya masizi hayo badala ya kuruka hewani, ukadhani koili ni nzima. Kisafishe kwa petroli na mswaki, kiache kikauke kabisa, ndipo ukitumie. Mimi hukiweka chini ya kiti cha pikipiki kwa ajili ya njiani. Kwa kazi ya nyumbani nataka kitu kinachonipa namba.

Chenye namba

Siri yake iko kwenye bolti ya spana namba 10. Bolti hiyo, iliyotapakaa kwenye pikipiki za Kijapani, Kihindi na Kichina, kwa kawaida ni ya M6, na hesi ya kawaida ya M6 husogea milimita moja kamili kwa kila mzunguko. Maana yake ni kwamba bolti ya shilingi mia kadhaa ni mikrometa ya kutosha kwa kazi yetu: izungushe mara nne, imerudi milimita nne. Kichwa chake kina kona sita, kwa hiyo kila kona moja ni kama milimita 0.17. Huhitaji rula wala jicho kali. Angalia tu isiwe bolti ya inchi iliyotoka kwenye mashine ya zamani ya Kiingereza au ya Kimarekani, kwani zile huhesabu kivyake.

Tafuta vitu hivi: kibao cha plastiki nyeupe cha kukatia mboga, kilichochakaa ni sawa, bolti moja ya M6 yenye urefu wa milimita 60 iliyochongwa hesi mwili mzima, pamoja na nati zake nne, skrubu ya M4 yenye urefu kama huo na nati tatu, skrubu fupi za mbao, nusu mita ya waya laini wa nyuzi nyingi, klipu ya betri, na kile kinati cha juu cha plagi ya zamani, kinachofunguka kwa koleo. Kinati hicho nakisisitiza kwa sababu hesi yake ya ndani ni M4. Kofia nyingi za pikipiki hushika ile hesi nyembamba ya plagi moja kwa moja, na kofia nyingi za jenereta na pampu zinataka kinati kiwepo. Ukitumia skrubu ya M4 upande wa umeme mkubwa, kofia ya pikipiki itaingia yenyewe, na ya jenereta itaingia ukishakaza kinati. Kipimo kimoja kinahudumia ukoo mzima.

Kwa nini plastiki na si mbao? Kipimo changu cha kwanza nilikitengeneza kwa mninga mkavu, kikapendeza kama kifaa cha maabara. Masika ilipoingia, mbao zikavuta unyevu na moto ukaanza kutambaa juu ya ubao kwa njia za kujipinda, nikawa napimia mvua badala ya koili. Plastiki ya kukatia mboga haina tabia hiyo. Na chochote utakachotumia, usikichore kwa penseli. Risasi ya penseli ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Nimeona cheche ikiacha mwanya na kufuata mstari niliouchora mwenyewe kama gari linavyofuata barabara. Pima kwa kukwaruza kwa msumari.

Kata kipande cha kitako chenye urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 4, na vipande viwili vya kusimama vyenye upana huo huo na kimo cha sentimita 4. Kabla hujavifunga, vibane vile viwili pamoja kwa koleo au jiliwa na uvitoboe kwa mara moja kwa biti ya milimita 4, tundu likiwa sentimita 3 kutoka chini. Ukivitoboa kimoja kimoja ncha hazitakutana, na utamaliza jioni ukipinda skrubu. Kisha kimoja tu ukipanue tundu hadi milimita 6. Vifunge juu ya kitako kwa skrubu fupi zinazotokea chini, uviachanishe sentimita 5. Gundi usijisumbue nayo, kwa kuwa plastiki hii haishikiki. Hata ile ya matone ya bei ghali hubanduka kama gamba.

Kimo cha tundu kina sababu. Moto hupenda njia nyepesi, na njia ya kushuka kwenye kipande, kupita kitako na kupanda upande wa pili lazima iwe ndefu mara nyingi kuliko mwanya wa hewani. Skrubu za mbao pia ziwe fupi, zisikaribie skrubu ya umeme.

Nati ya M6 ishike kwa koleo, ipashe moto juu ya mkaa, halafu uikandamize kwenye uso wa nje wa kipande chenye tundu kubwa, bolti ikiwa imeingizwa kuielekeza. Plastiki itayeyuka kidogo na kuimeza. Ikipoa haitoki tena. Ifanyie kazi hiyo mahali penye upepo, moshi wake si wa kuvutwa.

Sasa zichonge ncha. Skrubu ya M4 ikate kichwa, na upande mmoja uchonge kwa tupa. Bolti ya M6 ichonge mkiani. Usifike kwenye ukali wa sindano. Taka ncha ya penseli iliyokwisha kuandikia ukurasa mmoja. Ukali una maana yake: ncha kali hurahisisha cheche kuruka, ncha butu huizuia, hivyo vipimo viwili vyenye ncha tofauti vitakupa namba tofauti kwa koili ile ile. Ndiyo maana namba za kipimo chako ni za kwako. Usizipeleke kubishana na za jirani. Ukishachonga, acha. Na kila baada ya matumizi mengi zitazame, zikiungua zirudishe zilivyokuwa.

Skrubu ya M4 ipite kwenye tundu dogo, ncha ndani, na uikaze kwa nati pande zote mbili. Nje ibaki kama sentimita mbili za kuvalia kofia. Bolti ya M6 iingie kutoka nje kupitia nati iliyozama. Kabla ya kuingia, ivalishe nati moja ya kubania, kisha pete ya waya wa eathi, ili pete ikae kati ya nati ya kubania na nati iliyozama. Ukishapanga mwanya unakaza nati ya kubania, nayo inafanya kazi mbili: inaizuia bolti isitembee na inaibana pete igusane vizuri. Mwisho mwingine wa waya ndio wenye klipu.

Zimebaki nati mbili za M6, nazo ni walinzi. Zungusha bolti hadi ncha zigusane: hapo ni sifuri. Paka rangi ya kucha kwenye kona ya kichwa iliyotazama juu. Rudisha mizunguko minane, kisha kwa upande wa ndani zikaze zile nati mbili, moja dhidi ya mwenzake, zikiwa zimegusa kipande. Kuanzia hapo bolti haiwezi kurudi zaidi ya milimita nane. Koili isiyopata pa kutolea umeme huutafutia njia ndani kwa ndani, ikachoma vihami vyake yenyewe, na mashine zinazotumia CDI (kile kisanduku cha kielektroniki cha kuwashia moto) ndizo zinazoumia haraka. Watu wengi wameua koili nzima kwa kupiga kiki huku waya wa plagi unaning'inia hewani. Walinzi hao wawili hawataruhusu hilo litokee kwa bahati mbaya.

Kabla hujavuta kamba

Funga koki ya mafuta. Futa petroli yoyote iliyomwagika na usubiri harufu iishe. Plagi ya mashine iache imefungwa mahali pake, usiiache silinda wazi, kwa sababu tundu hilo hupuliza mvuke wa petroli kila pistoni inapopanda, na wewe umeshika kiwashio. Hapo ndipo penye hatari ile ya plagi iliyolazwa juu ya hedi ambayo wengi hawaioni: cheche inarushwa sentimita chache tu kutoka kwenye mdomo wa mvuke. Kipimo chako kiweke mbali kadiri waya unavyoruhusu.

Klipu ing'ate chuma kitupu cha injini: pezi la silinda au bolti isiyopakwa rangi. Bati la nje lenye rangi si eathi. Kofia ivalishe kwenye skrubu ya M4. Usikishike kipimo mkononi wakati wa kuvuta. Kiweke juu ya tofali au kiti cha plastiki. Rungu la umeme huu kwa kawaida haliui mtu mzima, lakini hurusha mkono, na mkono ukirushwa utaangukia ekzosi ya moto au feni. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo akae mbali na shughuli yote hii.

Fanya kazi kivulini. Jua la saa sita humeza cheche hata ya koili mpya, nami nimewahi kuitangaza koili kuwa maiti kwa sababu hiyo, nikaifukua jioni.

Kinavyosema

Anza na mizunguko minne. Vuta kamba kwa nguvu ileile unayowashia mashine, mara tatu nne; kwa pikipiki piga kiki hasa, si kuisukuma kwa kidole gumba. Unatafuta cheche ya weupe wenye ubuluu, yenye mlio wa kukatika, tak, kila unapovuta. Ikipatikana, zimisha, ongeza mzunguko mmoja, rudia. Endelea hadi ianze kuruka safari nyingine na kukosa nyingine. Namba hiyo iandike. Wala usiongeze mwanya injini ikizunguka.

Moto unaoruka milimita tano au sita bila kukosa una afya, na sasa unaweza kumruhusu fundi afungue kabureta. Ukiishia kwenye mbili, umempata mgonjwa hata kama cheche yake ni nzuri kwa macho. Rangi ni ushahidi mdogo. Umbali ndio wa kuaminiwa. Jipatie kigezo kwa kupima mashine yako siku ambayo ni nzima. Mwenye namba ya siku ya afya hatakosa la kulinganisha siku ya ugonjwa.

Pasipotokea cheche kabisa, usikimbilie dukani. Kwenye pampu na jenereta nyingi, swichi ya kuzimia hufanya kazi kwa kuupeleka umeme wa koili ardhini, yaani mashine huzimwa kwa kuunganishwa waya. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, swichi ikiwa "on" ni sawa na "off". Fuata waya mwembamba unaotoka kwenye koili, uchomoe kwenye kiungo chake, vuta tena. Moto ukirudi, koili yako haina kosa. Zaidi ya swichi, waya huo mara nyingi una mgeni mwingine: sensa ya oili. Honda GX160 nyingi na mashine za Kichina zilizoigwa kwake huzima moto oili ikipungua. Nimeitwa mara nyingi kwenye pampu "zilizokufa koili" ambazo zilichohitaji ni kikombe cha oili, au kusimamishwa mahali tambarare badala ya kuegeshwa kwenye mteremko wa mto. Angalizo: ukiiwasha mashine huku waya huo umechomolewa, swichi haitaizima. Jua mapema kwamba utaizima kwa kufunga koki au kuivuta choki.

Kama bado kimya, igeukie kofia ya plagi. Nyingi zimefungwa kwa hesi kwenye waya. Izungushe itoke, kata nusu sentimita ya waya uliooza, na uunganishe waya wenyewe kwenye skrubu ya M4. Moto ukija, umepona kwa bei ya soda. Kofia ndiyo spea ya bei rahisi kuliko zote kwenye mfumo huu, na ndiyo inayobadilishwa mwisho, sijui kwa nini.

Moto dhaifu una orodha yake. Tazama kwanza nafasi kati ya miguu ya koili na flaiwili. Kwa GX160 nafasi hiyo ni milimita 0.4, na unaipata kwa karatasi nne za A4 za kawaida zilizopangwa pamoja: zipenyeze, acha sumaku iivute koili ijibane, kaza bolti, zungusha flaiwili karatasi zitoke. Kutu kwenye sumaku na kwenye miguu ya koili iondoe kwa msasa laini. Ukiwa na mita ya umeme pima pia koili: ya GX160 husoma kama omu 0.8 hadi 1.0 upande wa msingi na kilo-omu 5.9 hadi 7.1 upande wa umeme mkubwa, kofia ikiwa imetolewa. Lakini mita inayosema "koili mbovu" iamini kuliko ile inayosema "koili nzima". Mita hupima kwa betri ya volti chache, na ufa ndani ya koili haujitokezi mpaka utandikwe volti maelfu. Ni uongo ule ule wa plagi juu ya hedi, umevaa skrini.

Kwa pikipiki kuna mawili ya kuongeza. Zipo CDI zinazolishwa na koili ya magneti, na zipo zinazolishwa na betri. Hizi za pili zikiwa na betri iliyochoka zitakupa moto hafifu hata kama kila kitu kingine ni kipya, basi pima betri kwanza. Na ukiwa na injini ya plagi mbili kama Pulsar za DTS-i, pima upande mmoja huku waya wa pili ukiwa umevalishwa plagi yake.

Mashine inayozima ikipata moto

Turudi Ruaha Mbuyuni. Asubuhi, pampu ikiwa baridi, kipimo kiliniambia saba. Nikavalisha plagi, nikawasha, nikamwagilia. Dakika kama ishirini na tano hivi ikakohoa, ikafa. Safari hii sikunywa chai. Klipu ilikuwa imeshang'ata pezi la silinda tangu asubuhi na kipimo kiko juu ya tofali lake, kwa hiyo nilihamisha kofia tu na kuvuta. Saba: hakuna. Tano: hakuna. Nikashusha hadi mbili ndipo kicheche chembamba, cha rangi ya chungwa, kikapita kwa shida. Nikatoa plagi nikailaza juu ya hedi, kwa ajili ya ubishi tu. Ikatoa moto mzuri wa kupigia picha.

Koili za aina hii hufa kwa kutanuka. Waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara, una mahali palipokatika au kihami kilichochanika; ukiwa baridi sehemu zinakaribiana vya kutosha, joto likipanda zinaachana au zinavujisha. Kupima baridi hakuwezi kukuonyesha hilo. Lazima uipime katika dakika ile ile inapokufa, na ndiyo sababu nakushauri uandae kila kitu kabla ya kuwasha. Dakika kumi baadaye ushahidi umeshapoa.

Kuna hali ya kinyume, ambayo kipimo kitakuacha njia panda: moto unaruka saba, baridi na moto, petroli inafika, lakini mashine inarusha kamba mkononi, inapiga mlio wa kubweka kwenye ekzosi, haiwaki. Moto upo ila unakuja saa isiyo yake. Fungua flaiwili utazame kile kipini cha chuma kinachoishika kwenye shafti. Mashine iliyogonga jiwe au kusimama ghafla hukikata kipini nusu, flaiwili ikahama nyuzi kadhaa, na sumaku inapita mbele ya koili kabla au baada ya wakati.

Na plagi yenyewe, ambayo tumeiacha pembeni muda wote? Ipige brashi, na mwanya wake ukague kwa kadi ya benki. Kadi hizo zimetengenezwa kwa unene wa milimita 0.76, na GX160 inataka 0.7 hadi 0.8. Kadi iingie ikikwaruza kidogo. Tumia iliyokwisha muda wake.

Yule fundi wa kabureta tatu nilimwita siku ile ile. Hakusema kitu. Alivuta kamba mwenyewe kwenye mbili, akavuta kwenye nne, akazungusha bolti akihesabu kwa sauti, akarudia. Kisha akaniuliza kama naweza kumwazima hadi Jumamosi, ana jenereta ya harusi inamsumbua. Nimekueleza hapa jinsi nilivyotengeneza kile cha plastiki cha pili.